Sababu ya Kutofika Mahakamani

Upington, 17 Agosti 2009

Ferdi,

Anwani hii nimepewa na dada yako Lavona, baada ya kunihoji kwenye simu kama vile mimi ndiye mshtakiwa. Anasema uko kwake Port Nolloth, unakula kwa kulazimishwa, na simu umeizima. Basi nitaandika. Mimi mtu wa zamani, barua hazinisumbui.

Kwanza habari ya Alhamisi. Hakimu hajakasirika. Tangu nikuajiri umesimama mbele yake mara zisizohesabika, halafu siku moja anakuuliza unamwakilisha nani, unamtazama, unakusanya mafaili yako na kutoka nje bila neno. Alinipigia mwenyewe kuuliza kama unaumwa. Nikamjibu kwamba umechoka. Basi pumzika. Kula samaki, lala, usisome chochote chenye muhuri.

La pili haliwezi kusubiri mapumziko yako. Ni Gawie Esterhuyse. Tarehe 29 Julai, siku ya shauri lake na jirani kuhusu maji ya mfereji, hukufika mahakamani. Jirani yake alifika, na wakili wake alifika. Hakimu akasikiliza upande mmoja na kutoa amri: Gawie afunge lango lake la maji. Septemba mizabibu inachipua, na mzabibu unaochipua bila maji huku kwetu unajua unakuwaje.

Nimeomba amri ile itenguliwe. Mahakama itakubali iwapo itaelezwa, kwa kiapo, kwa nini wakili wa Gawie hakuwepo. Wakili ni wewe. Asubuhi ile ulituma ujumbe kwamba una mafua makali. Niandikie hati ya kiapo, kurasa mbili zinatosha, na uambatishe cheti cha daktari.

Gawie anakuja ofisini karibu kila siku. Anakaa na kofia yake magotini. Afadhali angetukana.

Hester Visagie


Port Nolloth, 22 Agosti 2009

Mpendwa Bi Visagie,

Nimepokea barua yako na ninaomba radhi kwa usumbufu wote. Naomba umfikishie Bwana Esterhuyse salamu zangu na majuto yangu.

Kuhusu hati ya kiapo, sikwenda kwa daktari siku ile, kwa hiyo cheti sina. Nafikiri ingetosha kuandika kwamba wakili alipatwa na hali ya ghafla iliyo nje ya uwezo wake. Mahakama nyingi hukubali maneno hayo. Kama ukiona inafaa, wewe mwenyewe unaweza kuapa kwamba ulipokea ujumbe wangu asubuhi ile. Huo ni ukweli.

Nimefikiri pia kuhusu nafasi yangu. Ofisi yako ina jina zuri, nami nimeliaibisha. Naomba uichukue barua hii kuwa ya kujiuzulu. Mafaili yangu yote yamepangwa, na karani wako Drieka anajua yalipo.

Usinitafute nyumbani. Mpangaji wangu, Elroy Maarman, yule mwalimu wa hesabu, alifariki mwishoni mwa Julai. Ndugu zake walikuja kuchukua vitu vyake na wamebadilisha kufuli. Ni mambo madogo, yatakwisha.

Hapa ni ukungu tu. Lavona anakusalimu.

Wako mtiifu,
Ferdinand Jantjies


Upington, 27 Agosti 2009

Ferdi,

Kujiuzulu kwako sikukubali. Barua ya kujiuzulu haichomekwi katikati ya habari za kufuli na ukungu.

Sasa nisikilize, maana nakuandikia kama wakili. “Hali ya ghafla iliyo nje ya uwezo” haitatufikisha popote. Wakili wa yule jirani ameniandikia. Ana shahidi aliyekuona asubuhi ya tarehe 29 Kimberley, kwenye maegesho ya hospitali, umeegemea gari lako. Kimberley, Ferdi, mwendo wa nusu siku kutoka kitandani ulikosema umelala na mafua. Anataka kuiambia mahakama kwamba tunadanganya. Na mimi niape kwamba nilipokea ujumbe wako? Nikiapa hivyo huku nikijua kilichomo si kweli, nami nitakuwa nimedanganya pamoja nawe.

Na jambo jingine. Nimefanya kazi hii tangu hujaanza shule. Sijawahi kuona ndugu wa mpangaji wakimfungia nje mwenye nyumba.

Sikuulizi ili nijue. Nakuuliza kwa sababu kuna mtu anayepoteza shamba, na kinachoweza kulirudisha ni ukweli wa siku moja, nao uko kwako.

Hester Visagie


Upington, 8 Septemba 2009

Ferdi,

Kimya. Haya.

Nilikwenda Keimoes jana kuona shamba. Gawie anateka maji mtoni kwa tangi la kuvutwa na trekta, yeye na mkewe, wanamwagilia mstari kwa mstari. Ile mizabibu michanga upande wa barabara imekwisha. Iliyobaki inaweza kupona.

Shauri litasikilizwa tarehe 7 Oktoba. Nimeiambia mahakama hati yako itafuata.

H.V.


Port Nolloth, 14 Septemba 2009

Mpendwa Bi Visagie,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitaiandika kama ninavyoandika maelezo ya shahidi, kwa mpangilio, vinginevyo sitafika mwisho.

Elroy Maarman hakuwa mpangaji wangu. Nyumba ilikuwa yake, imeandikwa jina lake, alipewa na shangazi yake. Mimi ndiye niliyehamia. Tuliishi pamoja miaka tisa kama watu waliooana wanavyoishi. Kuoana kwenyewe hatukuoana. Sheria iliporuhusu wanaume wawili kuoana, Elroy aliniuliza jikoni huku akimenya viazi, “Sasa wakili, kisingizio gani kimebaki?” Nikamwambia tungoje kidogo. Aliniuliza tena mwaka uliofuata. Kisha akaacha kuuliza.

Tarehe 28 Julai alianguka darasani. Moyo. Usiku walimpeleka Kimberley kwa gari la wagonjwa, nami nikalifuata. Nilifika alfajiri. Muuguzi mezani akaniuliza, “Wewe ni nani wake?”

Bi Visagie, mimi ndiye ninayewaandikia wakulima wosia. Mimi ndiye ninayewaambia wajane wasitie saini kitu wasichokisoma. Nilijua neno gani linafungua mlango ule. Nikamjibu, “Mimi wakili wake.”

Akasema, “Kaka, hapa wakili hahitajiki. Tunahitaji ndugu. Kaa pale.”

Hakukosea. Alifuata nilichomwambia. Nikakaa pale. Ndipo nilipokutumia ule ujumbe wa mafua. Nilitoka nje kupata hewa, na huenda ndipo huyo shahidi aliponiona. Kaka yake, Granville, alifika kutoka Kakamas kabla ya saa sita mchana, akapita mbele yangu akaingia. Aliporudi alitikisa kichwa tu. Mimi sikuwahi kuingia.

Mazishi yalikuwa Kakamas. Nilikaa benchi la nyuma. Mchungaji aliwashukuru walimu wenzake, majirani na “kijana aliyekuwa akikaa naye”. Jumatatu nilikuja kazini. Wewe ulinipa pipi ya koo, kwa ajili ya mafua.

Nilifanya kazi vizuri kwa muda, nadhani. Sikuwa nalala. Kisha ile Alhamisi hakimu akaniuliza swali analouliza kila siku, “Unamwakilisha nani?” Nikasikia sauti ya yule muuguzi. Nikatafuta jibu, sikuliona.

Unaweza kuuliza kwa nini sikukuambia. Mwaka wangu wa tatu hapo, mlango wako ukiwa wazi kidogo, nilimsikia mteja mmoja akilitaja jina langu, kisha nikakusikia wewe: “Ofisini kwangu mambo hayo hayaingii.” Nilielewa. Sikuwahi kukulaumu, ofisi ni yako. Nilichagua kazi.

Sasa umeupata ukweli wa siku moja. Gawie ni mzee wa kanisa, na hakimu anaimba kwaya na nusu ya mji. Nikiapa haya, kila mtu Upington atayasoma kabla ya chakula cha mchana. Nikiacha, Gawie atapoteza shamba. Najua ninachopaswa kufanya. Naomba tu unisamehe kwamba bado sijaweza.

Ferdinand


Upington, 18 Septemba 2009

Ferdi,

Pole sana kwa kufiwa na mwenzi wako. Naanza na hilo kwa sababu naona hakuna aliyekuambia.

Nilikuwa najua. Si yote, lakini ya kutosha. Unakumbuka ulipovunjika mguu? Nilikuletea faili la shauri la Kanoneiland nyumbani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, nikaingia nikiita, nikawakuta sebuleni: wewe umelala kwenye kochi na mguu wako wa plasta juu ya mto, na Mwalimu Maarman amepiga magoti, ameshika mkasi, anakukata kucha za miguu. Ukaruka, ukasema, “Huyu ni mpangaji wangu.” Yeye alinitazama na kucheka kwa macho. Mpangaji gani, Ferdi, anayemkata mwenye nyumba kucha za miguu? Nimewahi kuwa na wapangaji watatu. Hata kodi walinipa kwa taabu.

Nilidhani unataka kimya, nikakupa kimya. Niliona ndiyo adabu. Kumbe tulikuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia.

Sasa yale maneno ya mlangoni. Mteja yule aliniuliza kama ni kweli kijana wangu ni wa “aina ile”, kwa sababu hataki wa aina ile amshughulikie faili lake. Nikamwambia, “Umbea ukaufanye kwenye baa. Ofisini kwangu mambo hayo hayaingii. Chukua faili lako.” Akalichukua. Wewe umeishi miaka yote hiyo na kipande cha sentensi.

Laiti ningefunga ule mlango, au ningeufungua wote. Basi, yamepita.

Sasa kazi. Mosi, kiapo ni chako. Sitakulazimisha, na sijamwambia Gawie chochote. Ukiandika, andika mambo ya siku ile tu: nani aliugua, ni nani kwako, ulikuwa wapi. Usijitetee, usiombe radhi kwa kuwa na mwenzi.

Pili, zile kufuli. Ulikuwa ukisinzia, au? Mahakama ya Katiba imeshasema mwenzi wa maisha wa jinsia moja anarithi hata kama hawakuoana na hakuna wosia. Unachohitaji ni kuthibitisha kwamba mliishi kama wenzi na mlitunzana. Najua utaniuliza utathibitishaje jambo ulilolificha kwa bidii namna hiyo. Una shahidi mmoja. Ana miaka sitini na nne, anatembea kwa fimbo, na ameona kucha zikikatwa. Nimeshaandika kiapo changu, na nakala nimeituma Kakamas kwa mama yake Elroy na kwa Granville.

Usinishukuru. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kutuma, sikukuuliza kwa sababu ungesema tungoje kidogo.

Hester


Port Nolloth, 25 Septemba 2009

Mpendwa Bi Hester,

Barua yako niliisoma kwanza kwa hasira. Ulituma Kakamas bila kuniuliza! Nilitoka, nikatembea mpaka kwenye mashua za wazamiaji wa almasi na kurudi. Lavona alikuwa ameisoma mezani. Akasema, “Hasira za nini? Mtu amekusemea ukweli, wewe unatafuta kosa la utaratibu.” Kisha akanipikia mayai, nikayala yote.

Hati imo ndani ya bahasha. Niliapa kituo cha polisi hapa. Konstebo alikuwa kijana mnene mwenye mafua ya kweli. Kwa kawaida wanagonga muhuri bila kusoma, lakini huyu alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Nilitaka kumnyang'anya karatasi. Alipofika mwisho akauliza kama wanavyouliza, “Unayajua yaliyomo na unayaelewa?”

“Ndiyo.”

“Una kipingamizi chochote cha kula kiapo?”

“Sina.”

Akagonga muhuri, akaweka saini. Akafuta pua. “Na mazishi walikuweka wapi?”

“Nyuma.”

“Aa,” akasema, “hapo walikukosea.” Akaita anayefuata.

Nimeanza kwenda kumwona daktari mjini Springbok kwa ajili ya usingizi na mambo mengine. Lavona ananiendesha. Daktari anauliza maswali mafupi na kungoja majibu, angefaa kuwa hakimu. Wiki iliyopita nililala usiku kucha mara mbili.

Naogopa tarehe 7. Nimekuambia tu, huna haja ya kujibu.

Ferdi


Upington, 9 Oktoba 2009

Ferdi,

Amri imetenguliwa. Gawie alifungua lango lake jana asubuhi.

Sasa ilivyokuwa. Hakimu aliisoma hati yako kimya, hakuisoma kwa sauti, ingawa wakili wa jirani alimwomba. Alimwambia, “Una macho, nawe nakala unayo.” Kisha akamuuliza kama anapinga kwamba kulikuwa na msiba. Jamaa akasimama, akasema kwa heshima zote, aliyefariki kisheria hakuwa ndugu wa wakili. Hakimu akavua miwani. “Bwana wakili, mke wako ni ndugu yako kisheria?” Jamaa akakaa. Basi.

Gawie nilimpa hati yako aisome siku moja kabla, maana shauri ni lake. Alisoma polepole, akaikunja, akaniuliza, “Mwalimu Maarman? Yule aliyemfundisha binti yangu hesabu za sehemu mpaka akazielewa?” Nikamwambia ndiye. Akasema, “Dada yangu alipofiwa na mumewe, watu walileta nyama nyumbani kwake mpaka friji likakataa kufungika. Ferdi alipelekewa nini?” Nikasema, nijuavyo, hakuna. Akavaa kofia yake akaondoka. Bado amekasirikia mizabibu iliyokufa, na ana haki, kwa hiyo usitegemee busu. Lakini faili lake amesema libaki kwako.

Wateja wawili wameondoa mafaili yao. Mmoja alikuja mwenyewe kuniambia sababu, mwingine alimtuma mkwewe. Tutaishi.

Kakamas sasa. Granville alikuja ofisini Jumanne pamoja na mama yake, Bi Sanna. Alikuwa ameshika kiapo changu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

“Unamchafua marehemu,” akaniambia. “Ndugu yangu hakuwa hivyo.”

“Alikuwa vipi?” nikamuuliza.

“Alikuwa mtu wa heshima.”

“Hapo tumekubaliana. Umesoma ukurasa wa pili?”

Bi Sanna alikuwa amekumbatia mkoba wake. Akasema, “Mimi nimeusoma. Habari ya kucha.” Granville akamwambia, mama, acha. Hakuacha. “Baba yenu alipopooza, wewe ulikuwa migodini. Elroy ndiye aliyekuwa akimkata kucha. Anapiga magoti hivyo hivyo, anaanza na kidole kidogo. Nilimuuliza siku moja, huoni kinyaa? Akaniambia, mama, nampenda, kinyaa kitoke wapi?” Akanigeukia. “Huyu Ferdinand, alikuwa nje pale hospitali, mwanangu akiwa ndani?”

Nikasema alikuwa nje.

Alilia, mimi nikamtazama Granville mpaka akatafuta pa kutazama. Hatimaye Bi Sanna akasema, “Granville, mpe mama huyu funguo.”

Ninazo kwenye droo yangu. Granville bado anataka kuzungumzia samani na mwavuli wa bustani, na mirathi itachukua muda wake, lakini hatapinga. Bi Sanna anakuomba uende Kakamas utakapokuwa na nguvu. Jiwe la kaburi halijaandikwa bado.

Rudi utakapokuwa tayari, si kabla. Anza nusu siku. Drieka amefuta vumbi mezani kwako na kuvunja kikombe chako.

Hester


Upington, 2 Novemba 2009

Kwa: Bi H. Visagie, Wakili
Kutoka: F. Jantjies, Wakili

Bi Visagie,

Naandika ingawa uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na Drieka. Nataka barua hii iingie kwenye faili langu la kazi.

Ninaomba likizo ya msiba Ijumaa tarehe 20 Novemba. Mwenzi wangu, Elroy Maarman, alifariki tarehe 29 Julai mwaka huu. Siku hiyo sikuomba. Familia itaweka jiwe la kaburi Kakamas na mama yake ameniomba nisimame pamoja naye mbele. Jina langu litakuwa kwenye jiwe, chini ya lake.

Siku hiyo nina shauri moja saa tatu asubuhi, la akina Basson.

F. Jantjies


(Imeandikwa kwa kalamu chini ya ukurasa uleule)

Imekubaliwa. Shauri la akina Basson nitasimama mimi. Hakimu akiuliza uko wapi, nitamwambia.

H.V.